Kipima Mionzi cha Mama Mwantumu

Mwantumu Mhina alipostaafu kwenye maabara ya utafiti, wenzake walimpa doti ya khanga, keki na kipima mionzi. Khanga na keki zilinunuliwa. Kipima mionzi kilikuwa kimekosa pa kuwekwa.

Kilikuwa sanduku la bati la kijivu, lenye mshale na mrija wa chuma uliofungwa kwenye waya. Zamani alikitumia kupimia damu ya wagonjwa waliodungwa dawa yenye mionzi kidogo, ili ijulikane chembe zao za damu zinaishi muda gani. Kikinasa mionzi, kinalia: tik. Nyumbani kwake Kilole alikiwasha mara mojamoja, kwa kuwa alikizoea.

Asubuhi moja akaja jirani yake Sadala, fundi cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwema?"

"Si kwema. Mbuzi wangu wamekufa. Kaka yangu Mustapha amefukia kitu uani kwangu. Nasikia mashine yako inaona visivyoonekana."

"Inaona mionzi, Sadala. Uchawi haiujui."

"Tujaribu tu. Ikishindikana naenda kwa mganga, Handeni."

Mganga angemtaja Mustapha kabla mteja hajakaa vizuri. Mwantumu akabeba sanduku.

Uani kwa Sadala kikalia. Tik. Tik, tik.

"Umesikia!"

Mwantumu akampeleka barabarani. Kikalia. Mbele ya msikiti, kikalia vilevile.

"Kumbe ameroga mpaka msikiti," Sadala akasema.

"Mionzi kidogo iko kila mahali, mwanangu. Kwenye udongo, kwenye mawe, hata mwilini mwako."

Sadala hakuridhika. Wakaenda hadi kwa Mustapha, ambaye alitoka na kanzu mkononi.

"Mnapima nini kwangu?"

"Kama umeniroga," Sadala akajibu.

Tik, tik. Mustapha akasikiliza kwa makini.

"Basi na mimi nimerogwa. Mbuzi wangu wamekufa juzi."

Sadala hakuwa na habari. Hawakuwa wakisalimiana tangu matanga ya baba yao.

"Wangapi?"

"Wote. Hata yule beberu wa mzee."

Sadala akakaa kwenye benchi, akashika kichwa. Mustapha akakaa pembeni yake. Mwantumu akazima mashine, akampigia simu bwana mifugo, naye akaja akasema ni homa ya mapafu. Mbuzi wa mtaa mzima wachanjwe. Ndugu hao wakazunguka pamoja kuwaarifu majirani, wakibishana njia nzima.

Mtaani ikasemwa ugonjwa uligunduliwa na mashine. Mwantumu alikanusha sokoni, akakanusha kisimani, kisha akachoka.