Diski Juu ya Spika

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu mmenibana, lakini mjue aibu yake bado ninayo, na kila nikikumbuka natamani ardhi ipasuke nijifiche.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kompyuta ndiyo kwanza zinaingia Mwanza, nami nimeajiriwa kwenye mradi mmoja wa matibabu ya macho, kazi yangu kuitunza seva, yaani ile kompyuta kubwa ambamo wauguzi na makarani wote waliweka orodha za wagonjwa ili kila mtu azione kwenye meza yake. Nilikuwa nimetoka kozi ya miezi mitatu Dar (na mnatujua sisi watu wa Kagera tukishapata cheti), basi nikaandika mpango wa kuhifadhi nakala, nikaupiga chapa, nikaubandika ukutani: kila Ijumaa orodha zote zinanakiliwa kwenye diski, na diski zinakaa mbali na ofisi, ili ofisi ikiungua zisiungue nazo. Mkurugenzi akanipa mkono. Kichwa kikavimba, nikamwambia fomu za karatasi hazina kazi tena, tukampa mama muuza karanga akafungie.

Diski nikazipeleka kwangu Nyegezi. Sasa niambieni, kitu cha heshima mnakiweka wapi sebuleni? Nikazipanga juu ya spika kubwa ya redio, nikazifunika kwa kitambaa alichofuma mke wangu, na kila wiki nikaongeza nyingine. Hata siku moja sikujaribu kurudisha chochote kutoka humo.

Daktari wa upasuaji alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, siku tano tu. Asubuhi ya siku ya kwanza umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, seva ikatoa harufu ya kuungua, ikazima moja kwa moja. Uani wamejaa wagonjwa waliovuka na kivuko kutoka Kamanga, wengine hawaoni kabisa, na wote walishapimwa miezi iliyopita, vipimo vyao vyote vimo mle ndani. Mimi huyo nikasimama barazani, tai shingoni, nikatangaza, "Wazee wangu, msiwe na hofu! Nakala ninazo nyumbani." Wakanipigia makofi. Makofi, jamani!

Nikarudi na diski, nikaingiza ya kwanza kwenye kompyuta nyingine, daktari kasimama nyuma yangu. Haisomeki. Ya pili, haisomeki. Nikazimaliza zote, jasho linatiririka mpaka kwenye tai.

"Ulikuwa unaziweka wapi?" akauliza. Nikamwambia.

Akashusha pumzi. "Kijana, spika ina sumaku. Sumaku inafuta diski."

Ikabidi wote wapimwe upya, na siku tano hazikutosha. Kati ya waliokosa nafasi alikuwemo bibi mmoja wa Sengerema, aliyekuja ameshika bega la mke wa mwanawe. Nikatumwa mimi kumwambia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikamweleza kwamba vipimo vyake vimepotea ndani ya kompyuta na daktari anaondoka. Akauliza taratibu, "Sasa mwanangu, kwani mliniandika mle tu?"

Nikasema ndiyo. Yule mkwewe akasonya, akamgeuza, wakaanza safari ya kurudi kivukoni. Niliingia chooni nikalia, wala sioni haya kusema.

Mwaka uliofuata alirudi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuharibika kwa kungoja, likapasuliwa la kulia peke yake. Siku ya kufungua bandeji nilikuwepo, nikamwamkia, akaitambua sauti yangu, akanitazama kwa lile jicho moja.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Mbona bado mtoto?"

Basi. Heri angenitukana. Tangu hapo kila nakala ninayoiweka nairudisha kwanza, nasoma majina yote, moja moja, mpaka la mwisho, na sitasimama tena mbele za watu kusema ninacho kitu ambacho sijakihakikisha kwa macho yangu mwenyewe, haya mawili niliyojaliwa.