Pampu Mbili na Idd Moja

Mtu wa Pwani ukimwambia kwamba Dongobesh maji yanaganda, anacheka kwa adabu halafu anabadilisha mazungumzo. Nimeacha kuwaambia. Lakini sisi tuliofungua maduka kule wakati wa Mwingereza tunajua Julai ni kitu gani. Unaamka unakuta majani ya bondeni meupe kama yamemwagiwa chumvi, viazi vimeungua majani bila moto, na ndoo uliyoisahau uani imefunga utando mgumu mpaka uupige kwa kisigino cha kiatu. Hiyo ndiyo sakitu. Inashuka kabla ya alfajiri, inakaa hadi jua lipande juu ya miti, kisha inaondoka kama haijamkosea mtu.

Ndoo inavumilia. Pampu haivumilii. Shingo ya pampu hubaki na maji ndani, na ile ngozi ya ndani inayoyavuta huwa imelowa. Vyote vikishikwa na baridi, mkono hausogei, na ukiulazimisha chuma kinapasuka. Kikishapasuka, cha kubadilisha kiko Arusha, kama kipo.

Mji mzima ulikuwa na pampu mbili, na zote zilitoka kwa mlowezi mmoja aliyelima ngano upande wa Karatu, akawa anauza vyake arudi kwao. Tulikwenda pamoja, mimi na jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Yeye aliuza chumvi na nguo, mimi sukari na ngozi. Tulianza pamoja tukiswaga punda, tukajenga tukitazamana. Pampu moja ilikuwa ya kijani inayong'aa, nyingine imeshika kutu shingoni. Nilibishana na yule mzungu hadi chai yake ikapoa, nikaondoka na ya kijani. Jirani alichukua ya kutu kwa bei aliyotajiwa, bila hata kuguna. Njia nzima ya kurudi nilimwonea huruma. Hiyo ndiyo huruma ya mwisho aliyoipata kwangu.

Kwa maana pampu yake ya kutu haikuganda hata siku moja. Kila alfajiri ya baridi nilikuwa nimelala nikiisikia ikilia ng'ambo, kwii, kwii, kwii, na yangu ya kijani imesimama uani kimya kama askari aliyeadhibiwa. Nilihesabu mapigo yake kutoka kitandani. Nikimaliza nilihesabu tena, nikitumaini mara ya pili yatapungua.

Siri yake haikuwa siri. Jirani alikuwa ameoa kwa Wairaqw na akaishi kama wao. Kule mtu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote kwake. Huwagawa kwa marafiki na mashemeji: ng'ombe hubaki wa mwenyewe, lakini maziwa na samadi ni vya yule anayemlaza. Na kwa baridi ile ng'ombe hulala ndani, paa moja na watu. Jirani alilaza ng'ombe watano wa mashemeji zake. Nilipomuuliza mara moja kwa nini anahangaika na matumbo ya ng'ombe wa watu, alijibu kwamba wanampa joto. Nilidhani anatania. Mimi ng'ombe nilimpenda akishakauka.

Basi yeye alizungushia pampu yake uzio mfupi wa fito, na bomba lote linalotokeza juu ya ardhi, akashindilia samadi mbichi iliyochanganywa na majani makavu. Ukaonekana mdomo na mkono tu. Samadi ikishindiliwa hivyo hujitengenezea joto yenyewe. Asubuhi ilifuka moshi, na katikati ya moshi ule amesimama yeye na ndoo, anasalimia watu.

Ningeweza kuvumilia ndoo. Kilichonishinda ni Idd.

Waislamu wa Dongobesh tulikuwa nyumba saba, wote wa kuja, huyu babu yake wa Kondoa, yule wa Singida, na msikiti hatukuwa nao bado. Ijumaa tulibanana chumbani kwa mwalimu wa madrasa. Idd hatuenei chumbani, kwa sababu zinakuja na jamaa za Katesh na za Mbulu mjini, kwa hiyo Idd ilisaliwa uani kwa mtu. Kwa mtu gani, hakuna aliyeandika, lakini ilieleweka: penye maji. Watu wametembea alfajiri, wanataka udhu, na mto uko mbali na una baridi ya kukata vidole. Mwenye maji ndiye mwenye Idd. Mkeka wa mwalimu unatandikwa kwake, takbiri zinatoka kwake, na mwaka mzima watu wakiulizana wanasema, tulisali kwa fulani.

Mwaka uliotangulia ilikuwa isaliwe kwangu. Walijaa uani, wamekunja mikono ya kanzu, wamenyoosha viganja mbele ya pampu yangu ya kijani. Nikashika mkono wa pampu. Haukusogea. Nikatabasamu, nikaushika tena. Mzee mmoja akauliza kama tutayamamu kwa theluji badala ya mchanga. Ndipo lango la ng'ambo likafunguliwa, bila neno, na umati wote ukavuka barabara na mikono yake imekunjwa vilevile.

Mwaka huu ninaousimulia, Idd ya kuchinja iliangukia tena ndani ya Julai. Mwalimu alikuja dukani akaniambia watanipa nafasi ya pili. Kama pampu yangu itatoa maji alfajiri ya Idd, itasaliwa kwangu. Kama haitatoa, watavuka, na safari hii wakivuka hawatarudi, maana watu wamechoka kukisia.

Mke wangu aliniambia la kufanya kabla mwalimu hajamaliza kuvuka barabara. "Vuka ukaombe samadi," alisema. "Ni mavi tu, baba watoto. Huendi kuposa."

Nikamweleza kwamba siombi kitu kwa mtu aliyenunua pampu ya kutu mbele ya macho yangu. Akasema hakuelewa hiyo maana yake nini. Hata mimi sikuielewa vizuri, lakini niliisema kwa sauti ya mtu aliyefikiri. Nikajaribu kwingine. Nilipita hadi Bashay nikiuliza nani ana samadi ya kuuza, na watu waliniangalia kama niliyewauliza bei ya bibi yao. Samadi kule ni chakula cha shamba. Mtu atakupa maziwa, atakupa pombe kama unakunywa, samadi hakupi.

Usiku na mchana nikawa nawaza mavi ya jirani. Na mtu akiwaza sana kitu cha mwenzake, hatimaye anakuwa mwanazuoni. Nikakumbuka nilivyosoma chuoni nikiwa mdogo: mavi ya mnyama ni najisi. Nikavaa kofia nikaenda kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kwa deni au kwa dini?"

Nikamwambia kwa dini. Nikamweleza kwa upole, bila kutaja jina la mtu, kwamba ipo pampu moja hapa mjini imezikwa kwenye najisi hadi shingoni, na mimi kama Mwislamu nina wasiwasi na udhu wa wenzangu. Mwalimu alinisikiliza akichambua maharage kwenye ungo. Akauliza kama samadi inaingia kisimani. Nikasema haingii. Akauliza kama inagusa maji yanayotoka mdomoni. Nikakubali kwamba haigusi, ila inafuka moshi.

"Na ya kwako utaifunika kwa nini?"

Nikamwambia kwa fahari kidogo: kwa ngozi. Ninazo stoo, kavu, nzito, zimetoka Yaeda Chini na nyanda za Hanang. Nani ana blanketi zuri kuliko hilo?

Mwalimu akaweka ungo chini. "Hizo za Yaeda, zilichinjwa na nani?"

Nikarekebisha kofia. Mwaka ule ukame ulikuwa umeua ng'ombe wengi nyandani, na wafugaji walikuwa wanawachuna pale walipoangukia. Robo tatu ya stoo yangu ilikuwa vibudu. Ngozi ya kibudu, kabla haijatiwa dawa ya kuilainisha na kuisafisha, ni najisi ileile, na mimi nilijua, kwa sababu nilikisoma kitabu kilekile, ukurasa unaofuata.

"Basi sikiliza," alisema. "Ngozi zako zisiguse maji, na ulimi wako usiguse samadi ya mwenzio. Funika pampu. Tuonane Idd."

Nikafunika. Nilichagua ngozi sita, nikazihesabu mara mbili, nikaivisha pampu kuanzia shingoni hadi bomba linapoingia ardhini. Nikazifunga kwa kamba ya katani, mzunguko juu ya mzunguko, na mwisho wa kamba nikaukaza kwenye mkono wa pampu ili mtu asije akaiba. Ikasimama uani imenenepa kama mzungu aliyevaa makoti yote. Na ilifanya kazi! Asubuhi ya kwanza ilitoa maji. Ya pili ikatoa. Nilipiga pampu muda mrefu kuliko maji niliyoyahitaji, nikihakikisha ng'ambo wanasikia. Jirani alichungulia juu ya uzio wake, akanisalimu, akasema nimevumbua jambo, ila huko kwao shambani ngozi huwa hazilazwi nje. Nikaona huo ni wivu. Nilimwona mtu mwenye wivu kila mahali siku zile, isipokuwa mahali palipokuwa na kioo.

Ambacho sikukifikiria ni umande. Ngozi kavu haina harufu sana. Ngozi iliyolowa umande kila usiku, ikapigwa jua la mchana, ikalowa tena, inarudi kuwa nyama.

Alfajiri ya Idd nilitoka nimevaa kanzu mpya. Uani hapakuwa na ngozi hata moja. Fisi walikuwa wamekuja, na kwa nyayo zile hawakuwa wachache. Walivuta ngozi, ngozi zikavuta kamba, kamba ikavuta mkono wa pampu, na mkono ulikuwa umepinda hadi unaangalia nyuma, kama mtu anayejikuna mgongo. Shingo ya kijani ilikuwa wazi, na juu yake sakitu imekaa vizuri, nyembamba, nyeupe, sawasawa pande zote.

Mke wangu alisimama mlangoni na ndoo. Alitazama pampu, akanitazama mimi, akageuza ndoo chini juu akaikalia.

Watu wakaanza kufika. Nilisimama mbele ya pampu nikiitanua kanzu, lakini kanzu haifichi chuma kilichopinda. Yule mzee wa mwaka jana alizunguka pande zote mbili akikagua nyayo. "Kumbe wenzetu wameshachinja," akasema, na uani wote ukacheka, hata mwalimu, ingawa yeye alicheka akiangalia chini. Ng'ambo ikasikika kwii, kwii. Mikono ikakunjwa. Wakavuka.

Nilibaki uani peke yangu nikifikiria kusema naumwa. Kisha nikafikiria kwamba kila mmoja atahesabu safu na kuona nani hayupo, maana mimi mwenyewe ningehesabu. Nikavuka wa mwisho. Maji ya jirani yalikuwa ya uvuguvugu, yametoka ardhini bila kukutana na baridi njiani. Yalinipita vidoleni kwa raha ambayo sikuitaka. Nilisali safu ya nyuma kabisa, karibu na ule uzio wa fito, moshi wa samadi ukinipepea usoni.

Baada ya hotuba watu wakakumbatiana. Jirani alinijia mwenyewe, akinuka maziwa, akanikumbatia, akaniambia amechungulia pampu yangu: shingo haijapasuka, na mkono mhunzi wa Kibarbaig ataunyoosha. Kisha akasema, kama anayeomba kiberiti, "Kesho lete punda. Samadi ipo."

"Kiasi gani?"

"Kiasi gani nini?"

"Bei."

Akacheka. Akasema hauzi mavi. Nikamwambia sichukui cha bure. Nikataja bei. Akatikisa kichwa. Nikapandisha. Akakataa. Watu wakaanza kusogea kutazama, kwa sababu tangu wazaliwe hawakuwahi kuona biashara ya namna ile, mnunuzi anapandisha na muuzaji anakataa, tena mnunuzi mwenyewe ni mimi. Nikasema basi nitamlipa kwa ngozi.

"Zimebaki?" akauliza.

Nikasubiri kicheko kipite. Nikamwambia kama halipwi, simtoi punda hata nje ya zizi. Ndipo akanishika mkono akanivuta pembeni, karibu na pampu, akashusha sauti.

"Sikiliza. Mke wangu amefagia uani huu tangu juzi, mgongo unamuuma. Ng'ombe tumewahamishia kwa shemeji ili watu wasikanyage. Na chai yote hii unayoiona ni maziwa yangu. Unataka kulipa? Lipa hivi: Idd ya mwakani watu wachukue wewe. Mimi nipumzike."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakutania. Alikuwa amechoka kweli, macho mekundu, kanzu imeloa chini. Kile nilichokitamani hadi nikapeleka wivu wangu kwa mwalimu umevaa kofia, yeye alikuwa anatafuta wa kumtwisha. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilimwonea wivu hata kule kuchoka. Mtu anafikaje mahali pa kuchoka na kitu kama kile?

Nikamwambia sawa, nimekubali. Ila kwa kufagia uani, na chai ya watu wote wale, na maziwa ambayo mimi lazima ninunue, mzigo mmoja wa samadi hautoshi. Tukaelewana mitatu, na kushindilia afanye yeye.