Mtungi Uliopakwa Rangi ya Geti

Enzi zetu, sisi tuliorudi Juba kutoka Kenya amani ilipotiwa sahihi, mtu hakuulizwa ameamkaje. Aliulizwa kama amepata maji. Wenzangu mliokulia mtaa wa Malakia miaka ile mnanielewa. Nile ilikuwa pale pale chini, inaonekana, na sisi tulikuwa na kiu.

Halafu ukaja ule mwaka mvua ilipogoma. Haikuwa kwetu tu. Waliotoka Turkana walisema ng'ombe wanakufa, na redio ikasema hivyo hivyo kila jioni mpaka tukaizima. Pampu ya mkono ya mtaani ikaanza kukohoa na kutoa hewa. Mto ukarudi nyuma, ukaacha tope jeusi, na sisi watoto tukawa tunalivuka tope hilo na jerikeni za manjano kabla ya kwenda shule. Darasani tulisinzia, na hata mwalimu alisinzia. Nikisema tulichoka, sijasema kitu.

Mama yangu alijifunza kuishi na maji kidogo kambini Kakuma, na alirudi na sheria zake zote. Maji yaliyoosha sukuma yaliosha sufuria, yakanawisha miguu yetu, ndipo yakanyunyizwa uani kutuliza vumbi. Ukiyamwaga mapema alipiga kelele, "We! Hayo maji hayajachoka!" Maharagwe yalipigwa marufuku kwa sababu yanakunywa maji mengi kuliko watu. Hata bladda, mchezo wetu wa kuruka kamba, tulikatazwa. "Mkiruka mtatoa jasho, mkitoa jasho mtataka maji. Kaeni chini!" Tukakaa chini, tukatazamana. Leo namwona mwanangu ameketi na simu kutwa nzima bila kukatazwa na mtu, nashindwa hata kumgombeza.

Ila kulikuwa na maji mamoja ambayo sheria za mama hazikuyafikia. Ni ya haboba. Haboba ndiye bibi, mzaa baba, aliyebaki Juba miaka yote ya vita. Nje ya ua wetu, kwenye kivuli cha mwarobaini, alikuwa na zir, ule mtungi mkubwa wa udongo juu ya kigoda cha chuma, na kopo la kunywea juu ya kifuniko. Ulikuwa wa wapita njia. Kila asubuhi alijaza huo kwanza, ndipo nyumba ipate. Mtungi ulitoa jasho mwili mzima, ndiyo maana maji yake yalikuwa baridi, na chini yake kulikuwa na bakuli la kukinga matone. Matone yale yalikuwa meupe, hayana hata chembe ya tope. Hayakuwa ya kila mtu. Alipewa mgonjwa, au mgeni wa heshima, au haboba mwenyewe akimeza dawa.

"Lakini haya maji ni ya nani?" mama alikuwa akiuliza.

"Ya mwenye kiu," haboba alijibu.

Aliyemchoma mama roho zaidi ni Opio, Mganda aliyetuuzia maji kwa baiskeli. Alikuwa akishusha jerikeni, anapokea pesa yake, halafu anakwenda moja kwa moja kwenye zir na kunywa kopo zima. "Anatuuzia maji, kisha anayanywa bure!" mama alilalamika. Opio alifuta mdomo, akacheka. "Mama, mimi iko nabeba maji, lakini mwili yangu iko kavu."

Siku moja haboba alikwenda matangani Rejaf. Mama, akiwa na nyumba peke yake kwa mara ya kwanza, aliutazama ule mtungi kwa makini. Usiku hakuna aliyekunywa, na asubuhi maji yamepungua. Ubavu wote umelowa. "Hivi mnaona?" akasema. "Unavuja! Watu wanakufa na kiu, mtungi unavuja, na hakuna anayeuziba!"

Baba, aliyekuwa akifanya kazi Rumbek, alikuwa ameacha rangi ya mafuta ya buluu aliyonunua soko la Custom kwa ajili ya geti. Mama akaumwaga mtungi, akaukausha juani, akaupaka. Akaupaka tena. Ukang'aa kama geti. Aliujaza, akasubiri, na kweli hakikutoka hata kitone. Sijawahi kumwona mama akijivunia kitu vile.

Haboba akarudi. Kawaida yake akitoka safari, kabla ya kusalimia mtu, alikuwa akiuwekea mtungi kiganja, halafu shavu. Aliweka kiganja. Akakiondoa, akakitazama. Akachota maji, akaonja, akatema. Yalikuwa ya moto, na yananuka rangi.

"Umeuziba pua," alimwambia mama kwa Kiarabu chetu cha Juba. "Mtungi huu ulipumua vita vyote. Umerudi wewe, umeuziba pua."

Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyotutia hofu. Tangu siku hiyo hakunywa maji nyumbani kwetu. Alivuka barabara na fimbo yake kwenda kuomba kwa jirani, mchana, kila mtu anaona. Nyinyi mnajua hiyo ni aibu gani, mama mkwe kuomba maji kwa jirani! Wapita njia walikuja, wakaonja, wakakunja uso, wakaenda zao. Hata Opio aliguna, "Mama, hii maji iko chai?" Kisha haboba akafunga nguo zake kwenye shuka, akaliweka furushi mlangoni. Atakwenda kuishi kwa kaka yake Rejaf, alisema, gari likipatikana.

Mama alilia. Hakutuficha. "Nimemfukuza mama wa mume wangu kwa rangi ya geti," alisema. "Baba yenu nitamwambia nini?"

Akaanza kuukwangua. Alikuwa na kipande cha tofali na mchanga mkavu wa mtoni, maana hakuthubutu kutumia maji. Alikuwa akirudi kutoka kazini jioni, anakaa chini bila kuvua hata kitambaa cha kichwani, anasugua. Kwaruu, kwaruu, mpaka sauti ile ikatuingia kwenye meno. Vidole vilichubuka, akavifunga matambara, akaendelea. Haboba alikaa mlangoni kando ya furushi lake, akimtazama. Gari la Rejaf lilipita, akasema limejaa. Halikuwa limejaa.

Rangi haikutoka yote. Ilitoka kitakoni na ubavu mmoja tu. Mama akajaza mtungi, akalala amechoka hoi. Asubuhi tuliamshwa na mlio: ti. Kimya. Ti.

Tulipotoka nje, haboba alikuwa ameshainama chini ya zir. Alilitoa bakuli kwa mikono miwili. Tulidhani atakunywa, maana kiu yake tuliijua. Akampelekea mama.

"Kunywa," akamwambia. "Maji bado hayajachoka. Aliyechoka ni wewe, binti yangu."

Mama alikunywa yote, machozi yanamtiririka. Baadaye alituambia yalinuka rangi vibaya sana.

Haboba hayupo tena, Mungu amlaze pema. Mama anaishi nami, na mtungi uko kwangu, nusu buluu, nusu udongo. Juba ya sasa ina maji ya chupa na matangi ya plastiki juu ya paa, na kuta ndefu zenye waya. Watoto wetu wanakunywa chupa nusu na kuitupa. Ukiwaambia maji hayajachoka wanadhani umeugua. Mwaka huu mvua imechelewa tena, gari la maji halipokei simu, na mimi sina tena nguvu za kushuka mtoni.

Juzi mama aliniambia niutoe mtungi nje ya geti. Nilimwambia mtaa huu si Malakia ya zamani, hata kikombe kitaibiwa. Akaanza kuuburuta mwenyewe, na mgongo wake ule, ikabidi nimsaidie. Mwanangu aliinua macho kwenye simu. "Haya maji ni ya nani?"

"Muulize bibi yako," nikasema. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Jioni nilitoka kuangalia. Kikombe kilikuwa kimeibiwa, kama nilivyosema. Lakini mtungi ulikuwa mtupu. Nimenunua kikombe kingine, nimekifunga kwa mnyororo, na asubuhi nimejaza huo kwanza.