Kazi ya kulinda mahindi Kilimarondo

Wadau, leo nimepata kazi ya kwanza maishani, na leo leo naikimbia.

Nachingwea mjini kila duka liliniuliza uzoefu. Nimemaliza shule juzi tu, huo uzoefu ningeutoa wapi?

Asubuhi mfanyabiashara mmoja akanipakia kwenye pikipiki hadi shambani kwake, Kilimarondo. Kazi ni kulinda mahindi. Uzoefu hakuuliza kabisa. Aliuliza kama nina mke.

Nikasema sina.

"Safi," akasema.

Kibandani nikakuta shuka na kandambili za mtu. Nikamuuliza mlinzi wa zamani yuko wapi.

"Aliacha kazi."

Akawasha pikipiki, akaondoka.

Baadaye akaja mama wa shamba la jirani. Akaniangalia weee, kisha akasema, "Mwanangu, yule hakuacha kazi. Tembo walimkuta humu humu. Tulimzika wenyewe, ndugu zake hatuwajui."

Nikampigia bosi kumwambia kwamba siitaki tena kazi.

"Pikipiki haiji huko mpaka Jumapili," akajibu, akakata.

Sasa nimebeba begi, namfuata mama kwenda kwake. Jua linazama. Huko nyuma yetu matawi yameanza kuvunjika, na mama ameongeza mwendo.

Niombeeni jamani.