Pampu Isiyonguruma

Baba yangu aliipenda pampu ya bwawa letu kuliko magari yote aliyowahi kuwa nayo. Ilikuwa kuukuu na nzito, na ikiwashwa, nyumba yetu hapa mtelemkoni juu ya ziwa ilitetemeka mpaka sahani za kabatini. Mara tatu iliungua, mara tatu akazisuka upya nyaya zake za shaba kwa mikono yake mwenyewe. Wageni waliokuwa wakipanga vyumba kwetu, ambao aliwajengea bwawa hilo, walishaacha kuja. Lakini mama alipopata kiharusi, mtu wa mazoezi hospitalini alimwagiza atembee majini kila asubuhi, na bwawa likapata kazi tena.

Shida ni umeme wetu. Ukija dhaifu, pampu ile iliguna tu bila kuzunguka, na isipozimwa upesi inaungua. Kwa hiyo mama akitembea majini, kashika chuma cha pembeni, nami nikimwangalia, baba alisimama nyuma ya ukuta, mkono kwenye swichi, akiilinda. Siku nyingine haikuwaka kabisa. Maji yakawa kijani, mama akakaa ndani, na mguu wake ukaanza kukaza tena. Hilo lilinitia hofu.

Nikamwomba fundi mmoja atuazime kwa majuma mawili pampu ya kisasa, inayokula umeme kidogo na kuwaka hata ukiwa dhaifu. Baba alikubali shingo upande. Siku ya tatu maji yalikuwa bado kijani kibichi.

"Pompe yako imekufa," akaniambia, karibu afurahi. "Hailie."

Nikaenda nyuma ya ukuta, nikaikuta imezimwa. Nikaiwasha, nikauchukua mkono wa baba na kuubandika juu ya pampu, asikie inavyotetemeka kidogo.

"Papa, hii iko inatumika. Ni wewe unaizimaka."

Kila asubuhi aliisikiliza, akaona iko kimya, akadhani imekwama, akaizima ili isiungue. Nilikasirika, nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Tangu hapo hakuigusa tena.

Maji yalipotakata, mama akaingia. Baba, kwa mazoea tu, akaenda kusimama nyuma ya ukuta, ingawa hakukuwa na cha kulinda. Sauti ya mama siku hizi ni ndogo sana, ila asubuhi hiyo ilimfikia.

"Papa, uko?"

Baba akatokea mbio. "Niko. Unataka nini?"

"Hapana kitu. Nakuita tu, sawa vile nakuita siku zote."

"Siku zote?"

"Kila siku. Hukuwa unasikia."

Hata mimi, nilipoona midomo yake ikicheza, nilidhani anahesabu hatua.

Baba alivua viatu, akakunja suruali, akaketi ukingoni, miguu majini.

"Ambia ule fundi asikuye kubeba pompe yake," akaniambia, bila kumwondolea mama macho. Mama alikuwa ameshageuka, anakuja upande wake.