Jamvi Lililoziba Jiko

"Ukuta ule ukiugusa, nyumba nzima itakulalia," waliniambia majirani wa mtaa wa Chemchem miaka ile baada ya Uhuru, niliporudi kutoka ng'ambo na stashahada yangu ya ujenzi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, kuta nene za enzi za misafara, na jiko lake lilikuwa shimo lisilo na dirisha, lililotengwa na sebule kwa ukuta huo. Mwenye jiko hilo, mama jirani aliyepika huku machozi yakimtiririka, amefariki juma lililopita. Habari imenikuta hapa mtaani Isevya, na badala ya kulia nimekasirika. Msomaji wangu wa siku zote atanivumilia.

Ukuta niliubomoa. Mimi sikusomeshwa na mjomba; nilianza kwa kubeba magunia stesheni, na nilijua ninachofanya. Nilitia boriti ya mninga, nikafungua nafasi pana kati ya jiko na sebule, ambako kulikuwa na madirisha mawili. Nyumba haikutikisika. Mganga wa zahanati alikuwa amemwonya mama kwamba moshi unamla macho. Sasa moshi ukapata njia, jua likaingia, akawa anachambua mchele huku akipiga soga na wageni. "Mwanangu," aliniambia, "kumbe sufuria zangu chafu hivi!"

Kisha akaja mkwe wake kutoka Bukene, bila taarifa, na kuku mkononi. Kwa mila ya Kinyamwezi waliyoishika, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Zamani ukuta ulimficha. Safari hii mama alijikunja nyuma ya pipa la maji, kanga kichwani, ugali ukiungua. Mumewe akaita kutoka sebuleni, "Mke wangu, mgeni hapati hata chai?" Sauti ikatoka nyuma ya pipa: "Mwambie sipo!"

Kesho yake nafasi niliyoifungua ilizibwa kwa jamvi, na mkwe alipohamia mjini, akawa anapita kila siku, jamvi likawa la kudumu. "Mama, macho!" nilimwambia. Akajibu, "Macho ni yangu, mwanangu. Aibu ya mkwe ni ya ukoo mzima."

Nikasema basi nitoboe dirisha nyuma, bila malipo. Mumewe akakataa: jirani wa upande ule angemwona mkewe. Nikataka kutia bomba la moshi kwenye paa, mabati yake hayakupatikana madukani. Wazee wakasema wangekaa kikao cha ukoo wamwondolee mama mwiko huo. Kikao kikangoja mavuno, kisha nusu ya ukoo ikahamia vijiji vya Ujamaa, kikangoja tena. Kila niliyemuuliza alikubali kwamba mama anaumia, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kungoja. Nilisomea kubeba uzito wa paa. Uzito wa watu wanaokubaliana nawe na wasitende haukuwemo katika masomo yangu.

Miaka ikapita. Siku moja nikakuta jamvi limeondolewa, jua limefika hadi kwenye majivu. Nikashangilia: "Shikamoo, mama! Hatimaye!"

"Marahaba. Ni nani mwenzangu?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake. Akaitambua sauti, akacheka. "Mkwe simwoni tena, mwanangu. Nitamwonea haya kwa macho gani?"

Tangu siku hiyo, nikisikia watu wazima wakisema jambo jema lingoje kwanza kila mtu aridhike, damu hunichemka. Kuridhika kwao kutakuja, sina shaka. Ila waulizeni atakayeumia wakati wakingoja ana muda kiasi gani.