Jiko Lenye Feni

Nyumba aliyopanga Godelieve katika mtaa wa La Rochelle, safari ya basi ya siku nzima kutoka Cape Town, ilikuwa na meko ya ukutani sebuleni, ya zamani, pana kama mlango. Ukiwasha moto humo, joto lote lilipanda kwenye bomba la moshi, likaotwa na njiwa wa juu ya paa. Kwa hiyo wapangaji wawili aliowagawia vyumba, Brigitte msusi na Marcellin mlinzi, kila mmoja alijifungia chumbani na hita yake, na yuniti za umeme zikaisha kabla ya wiki kwisha.

Baridi ya mwaka 2013 ilipoanza, Godelieve akaenda mtaa wa Doornfontein kwa Salum, fundi Mtanzania aliyekarabati majiko ya kuni ya chuma, yale yanayosukumwa ndani ya meko kuukuu.

"Hili dogo linatosha sebule tu, mama," Salum alisema. "Utakaa mbele yake kama paka. Hili kubwa lina feni, linapuliza joto mpaka vyumbani. Unataka kupasha wapi?"

Godelieve akaligusa lile dogo. Tangu binti yake Sonia ahamie Cape Town, Godelieve alikula peke yake, akisikia vicheko vya simu nyuma ya milango miwili. Alitaka watu watoke, waje kuota moto. Lakini kwao Ngozi, kaskazini ya Bujumbura, mtu haombi kutembelewa. Unapika cha kutosha, unaacha mlango wazi, unangoja. Kuchukua lile dogo kungekuwa kama kuomba.

"Vyumba vyote, hata vya wapangaji," akasema.

"Sharp, safi! Wapangaji wako wamepata mama."

Jiko lilifanya kazi vizuri mno. Hita zikazimwa siku ileile lilipowekwa.

"Eish, Mama Sonia, chumbani kwangu ni joto la Bujumbura kabisa!" Brigitte alisema akipita, kisha akafunga mlango.

Godelieve alikuwa amepanga viti vitatu mbele ya moto. Akakalia kimoja. Akafanya hivyo wiki tatu.

Jioni moja, saa moja, umeme ukakatika mtaa mzima. Feni ikanyamaza, vyumba vikapoa, milango ikalia. Brigitte akatokea na blanketi, Marcellin na njugu mfukoni.

"Mlinzi gani anakimbia giza?" Brigitte akamtania.

"Nimekuja kulinda njugu, dada. Naujua mkono wako."

Godelieve akacheka hadi akashika mbavu. Akaleta maharage na ndizi. Kila siku alipika ya watu watatu. Wakala kwenye sufuria moja, magoti yao yakigusana.

Saa mbili taa zikawaka. Feni ikaanza kuvuma. Brigitte akakunja blanketi lake, na Marcellin akatazama mlango wa chumba chake.

Godelieve akawahi kuinuka, kana kwamba anafuata kuni, akapitisha mkono nyuma ya jiko na kuchomoa waya wa feni.

"Imezima tena?" Brigitte akauliza.

"Imezima," akajibu bila kuwatazama. "Vitu vya mitumba hivi. Kaeni kwanza, mpaka nimwite fundi."

"Utamwita lini, Mama Sonia?"

Godelieve akatia gogo motoni, akalisogeza polepole kwa chuma.

"Baridi ikiisha."